Rozina Anafunga Mtandao

Kazi ya Rozina ni kulinda mnara wa simu ulio kilimani, nje kidogo ya Lukole. Anafyeka nyasi ndani ya uzio, anawasha jenereta umeme ukikatika, anafukuza mbuzi. Basi. Lakini funguo za geti anazo yeye, na kwa watu wa kwetu mwenye funguo ndiye mwenye mali. Kwa hiyo wanamletea ndizi. Mwenye mtoto anayesoma Mwanza analeta mkungu, mchuuzi wa maharage analeta kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, na ombi ni lile lile: Rozina, tuongezee mtandao upande wetu.

Mwanzoni alizikataa zawadi na kueleza kwamba hana uwezo huo. Akaonekana mchoyo. Siku hizi anapokea na kunyamaza, na mimi jirani yake simlaumu, maana ndizi hizo nami nazila.

Anachokijua kuhusu mnara alifundishwa na Bartholomayo, fundi anayekuja kukagua mitambo. Mnara una nafasi yake, alisema, na haiongezeki kwa kuombwa. Watu wakizidi, unachagua kama zahanati siku ya Jumatatu: mama mwenye uchungu anapita, mwenye mafua anangoja kwenye benchi. Simu ya kawaida ya sauti inapita kwanza. Ujumbe mfupi ni mdogo, unajipenyeza. Video ni mzigo mkubwa, na wanaotazama video wanagawana kinachobaki. Jioni kinachobaki ni kidogo, picha zinaganda.

"Hapo hakuna cha Rozina wala cha mkurugenzi," fundi alimaliza.

Jumamosi moja jioni mama Niyokwizera alipanda kilima akiwa na simu mkononi. Huyu alikuja na wakimbizi kutoka Burundi akiwa msichana, akaolewa hapa hapa, akabaki kambi ilipofungwa. Dada yake, Véronique, alichukuliwa kambini akapelekwa Kanada, na tangu hapo walionana kwenye kioo cha simu tu. Sasa Véronique alikuwa amefariki na anazikwa siku hiyo. Wanawe waliahidi kuonyesha mazishi kwa video.

"Shikamoo mama. Pole sana na msiba."

"Marahaba mwanangu. Nataka nimwone akiingia ardhini. Nisipomwona sitaamini, nitakuwa nampigia tu."

Rozina angeweza kumsimulia habari za zahanati. Badala yake alitazama bondeni. Kulikuwa na mechi, king'amuzi cha Fideli mwenye kibanda kilikuwa kimeharibika, na vijana walikuwa wamejazana pale kila mmoja akitazama kwenye simu yake. Akajua picha itaganda. Akamkalisha mama Niyokwizera kwenye kiti chake, akafunga geti, akateremka na funguo zake.

Aliyoyasema pale kibandani niliyasikia kwa masikio yangu.

"Mnara umezidiwa. Zimeni data wote mpaka giza liingie. Nitakayemkuta amewasha, namfungia laini, na sitaifungua hata aniletee shamba zima la ndizi!"

Ulikuwa uongo mtupu. Jeremia wa bodaboda, ambaye kwa kubisha hana mpinzani, alifungua kinywa, akaziona zile funguo, akazima simu. Wengine wakafuata huku wakinung'unika. Mmoja akaenda kuwaonya wa mtaa wa pili. Fideli akatafuta redio.

Nilipanda kilima nyuma ya Rozina. Picha ilikuwa safi. Tuliona majani yaliyokatwa vizuri, jeneza jeupe, na watoto wa marehemu, watu wazima sasa, wakiimba kwa Kirundi. Mama Niyokwizera aliimba nao na hakuna neno lililokatika. Jeneza liliposhuka aliinama, akachota udongo wa pale pale penye uzio, akautupa mbele yake. Rozina alilia. Mimi pia.

Ungetegemea shukrani. Mama Niyokwizera alijifuta uso kwa kitenge, akamkazia macho.

"Kumbe unaweza."

Rozina alizitia funguo mfukoni.

"Alhamisi dada yangu alikuwa hai. Walinipigia kwa video aniage. Nikaona midomo inacheza, picha ikaganda, sikusikia hata neno. Wakarudia, ikaganda tena. Mbona siku ile hukuwafungia wengine? Kwa sababu sikuleta ndizi?"

Alhamisi ni siku ya gulio letu, na mnara huwa umeelemewa tangu asubuhi. Lakini simu ya sauti ingepita. Wangempigia kwa sauti tu, bila picha, angeyasikia maneno yote ya dada yake. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo, na aliyekuwa akilijua jambo hilo alikuwa amesimama mbele yake.

Rozina alivuta pumzi kama anayetaka kueleza. Kisha nadhani aliona kwamba maelezo hayo yangemuumiza yule mama kuliko hasira yake, akayameza.

"Nisamehe mama," alisema. "Sikukufungulia."

Mama Niyokwizera akateremka peke yake. Wanakutana kila Jumapili mlangoni mwa kanisa, Rozina anamwamkia, na yule mama anapita bila kuitikia.