Mume Aliyeosha Sufuria New York

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa Malili, kulea mtoto wa mwenye duka mmoja kando ya barabara ya Mombasa. Walikuwa na televisheni ya rangi nyeusi na nyeupe, ilikuwa inatumia betri ya gari. Mimi niliishia darasa la saba na Kiingereza changu kilikuwa cha kubahatisha, lakini kila Alhamisi jioni nilikaa sakafuni, mtoto mapajani, nikaenda New York bila nauli.

Kipindi kilikuwa cha mke na mume wanaokaa gorofa ya juu kabisa. Mke ni mtu wa ofisi. Akirudi anatupa viatu huku na mkoba kule, halafu mume, jitu la masharubu, anajifunga aproni ya maua na kuosha sufuria akigombezwa. Kila akigombezwa, watu wasioonekana wanacheka. Mimi nilipenda pale mwisho. Hata wakosane vipi, walikuwa wanasimama dirishani wawili, taa za mji wote ziko chini yao. Nikajiambia, siku moja mimi na mtu wangu tutakuwa na dirisha.

Mtu wangu alikuwa anauza mafuta kwenye petroli stesheni hapo hapo Malili. Kwao ni ng'ambo ya mto, ukitokea kwetu Ikutha. Watu wake walipoleta mbuzi watatu wa ntheo, wale wa kusema msichana huyu sasa ana mwenyewe, niliacha kazi nikarudi nyumbani kungoja, kama inavyotakiwa. Mbuzi mmoja akazaa zizini kwetu. Mwaitu, mama yangu, akasema hata Mungu amekubali.

Nyumbani niliingia mwethya, kikundi cha wanawake wanaolimiana kwa zamu. Mwaka ule tulikuwa tunachimba mitaro ya fanya juu, ile ya kuzuia maji yasibebe udongo, leo kwa huyu, kesho kwa yule, tuwahi kabla ya mvua. Ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu ya kanisa. Wakitaka kupumzika waliniambia, wewe wa Malili, tupeleke Ulaya. Niliwapeleka. Niliigiza mke, nikatupa viatu ambavyo sikuwa navyo, na mmoja wao akajifunga leso kiunoni akawa mume. Wakauliza wale wanaocheka ni akina nani. Nikasema sijui, hawaonyeshwi.

"Ni mwethya wao," akasema ngui, mama aliyekuwa akituanzishia nyimbo. "Wamekuja kuwacheka."

Tukakubaliana wote kwamba ni hivyo.

Sasa, ngui hutafuta mtu wa kutia wimboni. Anaweza kuwa mvivu, au mwenye mume mlevi, yeyote tu. Na ukiimbwa ni lazima uitikie na wenzako. Ukinyamaza, umekasirikia kikundi, na siku ya shamba lako hutaona jembe la mtu. Niliwahi kuona akimwimba mama aliyefukuzwa na mumewe, na yule mama aliitikia huku machozi yanamdondoka, jembe lake halikusimama. Sauti ya ngui ilikuwa tamu sana.

Siku yangu ilipofika aliimba hivi:

Mama mkwe, tafuta aproni,
mwanao anaoa New York.
Sufuria zimerundikana,
bwana wa mafuta ataosha.

Niliitikia kwa nguvu kuliko wote. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nilifikiri wananipenda.

Mdogo wa mama mkwe wangu, aliyeolewa upande wetu, alikuwa mle mtaroni na jembe lake. Kabla ya Jumapili wimbo ulikuwa umevuka mto. Watoto walimwimbia mama mkwe akiwa ameinama kuchota maji. Kanisani mtu aliuimba ule wimbo kwa sauti ya chini nyuma ya benchi lake, katikati ya maombi. Na kule Malili matanboi, wale wasaidizi wa madereva wa malori, wakaacha kumwita mtu wangu kwa jina lake. Akawa Aproni. Aproni, weka dizeli. Aproni, mke amekuruhusu kutoka?

Wakaja asubuhi, mama mkwe na kaka yake, na mtu wangu nyuma akiwa na kamba. Baba akatoa viti, hawakukaa. Baba akawaeleza polepole kwamba hayo ni mambo ya televisheni, mtoto anasimulia tu alichoona.

"Mzee," mama mkwe akasema, "sikuleta mbuzi kununua kicheko."

Nikamfuata mtu wangu zizini. Nikamwambia hiyo ni hadithi tu, na yeye anajua, si aliwahi kukitazama kipindi kile kupitia dirisha la duka.

"Najua."

"Sasa?"

"Si wewe uliitikia."

Akafunga kamba shingoni mwa mbuzi wa kwanza. Baba akasema basi kile kitoto cha mbuzi kibaki, kimezaliwa hapa na majani yetu kimekula. Mama mkwe akajibu kwamba aliyekizaa ni mbuzi wake. Nilikuwa nimekibeba. Mtu wangu alikitoa mikononi mwangu bila kunigusa, akakiweka mabegani, wakashuka kuelekea mtoni. Kililia mpaka nikaacha kukisikia.

Wiki iliyofuata zamu ya mwethya ilikuwa kwetu. Nilimwomba mwaitu nibaki jikoni nipike muthokoi. Akasema, chukua jembe, wasipochimba hapa mvua itaondoka na shamba lote.

Walikuja wote, hata yule mdogo wa mama mkwe. Wakanisalimia vizuri. Jua lilipopanda ngui akaanza ule wimbo, na alikuwa ameuongezea ubeti, wa mbuzi wanaorudi kwao wamevaa aproni. Ubeti ulikuwa mzuri, lazima niseme. Majembe yakapungua sauti. Walikuwa wananingoja.

Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu.

Mwaitu alikuwa mbele yangu mtaroni, ameinama, simwoni uso. Yeye ndiye aliyeitikia wa kwanza.