Kuku wa Mgeni

Mwaka ule nililichukia neno "uendelevu" kuliko tusi lolote nililowahi kutukanwa. Kila fomu ya ruzuku niliyoifungua ilikuwa nalo: fedha zetu zikiisha, mradi utajiendeshaje? Nilitamani kujibu kwamba mradi ni mlezi mmoja, banda la bati, mikeka na sufuria ya uji, na kwamba sijawahi kuona mtoto wa miaka miwili anayejiendesha. Badala yake niliandika aya tatu za uongo wenye adabu, nikatuma, nikasubiri.

Banda lenyewe lilikuwa Nyarugusu, hatua chache kutoka mwaloni, pale ambapo mchanga wa mawe yaliyosagwa huoshwa ili kutafuta dhahabu. Waoshaji wengi ni akina mama. Wanachanganya zebaki, sumu inayonasa dhahabu, kwa mikono mitupu ndani ya beseni, na kabla ya banda letu watoto wao walikaa palepale, wakitumbukiza vidole kwenye maji yaleyale na kuvitia mdomoni. Sisi wa shirika letu dogo tuliwatoa hapo. Asubuhi mama anamwacha mtoto, saa nne mtoto anakunywa uji, jioni mama anamchukua. Ni kazi pekee niliyowahi kuifanya ambayo mtu wa kawaida aliielewa bila kuelezwa mara mbili.

Kisha mfadhili wetu wa ng'ambo akatuandikia barua ya ukurasa mmoja. Uchumi wa dunia umeyumba, vipaumbele vimebadilika, anatutakia kila la heri. Niliisoma nikiwa ofisini Geita mjini, na ng'ambo ya barabara naona watu wamejazana kwa mnunuzi wa dhahabu, kwa sababu bei ilikuwa inapaa. Dhahabu inapanda, na kila mwenye fedha ananiambia hali ni ngumu. Ngumu kwa nani? Banda lilibakiwa na miezi mitatu ya kuishi, nami nikaanza kubisha hodi.

Mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi, yuleyule aliyetupatia mabati, alininywesha chai ya maziwa akaniambia wazi, "Mama, mwaka huu siwezi." Nilimheshimu kwa hilo. Katika ofisi moja iliyojitangaza kuwa na fedha za jamii niliambiwa nilete andiko. Nikaleta. Nikaambiwa nilete upya, muundo umebadilika. Nikaleta. Mara ya tatu nilikuta andiko langu la kwanza limewekewa chupa ya chai, limelowa duara katikati, na mwenye meza ananiuliza mimi ni nani. Nilimwambia mimi ndiye mwenye kitambaa chake cha meza. Hakucheka, na mimi sikuwa natania.

Ndipo taasisi moja ya Dar es Salaam ikajibu kwamba andiko letu limewavutia na ofisa wao atakuja kujionea. Nilienda Nyarugusu siku hiyohiyo. Niliwakusanya akina mama nikawaambia maneno ambayo leo nikiyakumbuka natamani kujizaba kibao. Niliwaambia wasijipambe. Waje na vumbi lao. Kazi iendelee, mabeseni yawepo, mgeni aone.

Mwenyekiti wao, mwanamke wa rika langu ambaye binti yake wa mwisho ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutembea, ndiye aliyenijibu.

"Tumekusikia, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma.

Mimi ni Msukuma wa Shinyanga. Nilipaswa kujua kwamba kusikia si kukubali.

Siku ya ugeni nilifika na ofisa asubuhi, nikajua tumekwisha kabla gari halijasimama. Mashine za kusagia mawe zilikuwa kimya. Mwalo ulikuwa umefagiliwa hadi nyayo za kuku zinaonekana. Mabeseni hayakuwepo hata moja. Akina mama walisimama mstari katika vitenge vya sare, nyuma yao viti vya kuazima kanisani, na watoto wamevaa nguo za Krismasi, nyuso zinang'aa kwa mafuta. Wali ulikuwa unanukia. Mwenyekiti alipiga goti kidogo, akasalimia "Mwangaluka", na wenzake wakapiga vigelegele.

Ofisa alikuwa binti mwenye adabu zake, kishikwambi mkononi. Alizunguka banda, akala kidogo, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, wale wanaoshika zebaki wako wapi?"

"Ndio hawa."

Aliwatazama, kisha akanitazama mimi kama mtu anayehesabiwa chenji pungufu. Niliona hasira inanipanda, lakini si juu yake. Niliwachukia wale akina mama kwa sabuni yao na mafuta yao na wali wao.

Wakati wa kuaga, mwenyekiti alileta kuku. Jike zuri lenye madoa, miguu imefungwa kwa kipande cha kanga. Alilitoa kwa mikono miwili. Kwetu mgeni wa heshima haondoki mikono mitupu, na kuku aliyekwisha kutolewa harudi bandani. Kumrudisha ni kumwambia mwenye kuku kwamba yeye si mtu.

Ofisa alirudi hatua moja nyuma. Aliniinamia akasema, "Siruhusiwi kupokea zawadi. Tafadhali waeleze."

Niliwageukia. Nilikuwa na Kisukuma cha kutosha kueleza. Nikasema, "Mgeni anasema wabeja sana," yaani anashukuru mno, nikamshika kuku mbawa, nikamtia ndani ya gari. Vigelegele vikaanza upya. Tulipofika mjini ofisa alishuka akaniachia kuku kwenye kiti.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Jamii iliyotembelewa haikuonyesha kiwango cha uhitaji kilichoelezwa kwenye andiko. Aidha, mwombaji alijaribu kumpa ofisa zawadi hata baada ya kuelezwa kwamba haikubaliki. Mwombaji ni mimi. Nilimchinja kuku jioni ileile, nikamla kwa ugali kwa siku mbili, kwa chuki, mfupa kwa mfupa.

Nilipoenda kuwaambia, sikupunguza maneno. Niliwaambia mmenyimwa kwa sababu mlipendeza. Niliwaambia niliwaonya. Suala la kuku sikuligusa.

Nilipomaliza, mwenyekiti akasema, "Ulitaka nimtoe mwanangu mchafu mbele ya mgeni, ili amhurumie?"

"Nilitaka banda libaki."

"Mimi pia nililitaka," akasema. "Ndiyo maana tulimpokea hivyo."

Nilipanda pikipiki nikaondoka bila kuaga, na nilikuwa bado nina hasira, na hasira ile ilikuwa tamu kwa sababu ilinizuia kufikiri.

Banda lilifungwa mwisho wa mwezi. Nilirudi kuchukua mikeka na sufuria. Mashine zilikuwa zinanguruma, vumbi limetanda, mabeseni yamejaa. Kila kitu nilichotaka ofisa akione kilikuwa mahali pake. Mwenyekiti alikuwa amechutama, mikono ndani ya maji ya kijivu hadi viwiko. Binti yake alikaa pembeni, amevaa lile gauni la Krismasi, sasa rangi ya tope.

Alinisalimia bila kinyongo, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Kisha akauliza, "Yule mgeni wetu, kuku alimla?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nikasema, "Alimla. Alimsifu sana."

Akatabasamu, akaendelea kukoroga. "Basi atarudi," akasema. "Mtu akishakula kuku wako hawezi kukutupa."

Mtoto alikuwa ametumbukiza mkono kwenye beseni, anapigapiga maji. Nilimnyanyua, nikamfuta vidole kimoja kimoja kwa kanga yangu, nikatazama huku na huku. Halafu nikamrudisha palepale kando ya beseni, maana hapakuwa na mahali pengine pa kumweka.