Ndalahwa na Darubini Ambayo Haijajengwa

Kabula alipofariki, mumewe Ndalahwa hakwenda kwa mfumu kupigiwa ramli. Ndugu zake wa Nkololo walitaka kuku apasuliwe, ijulikane nani kamuua. Akakataa. Yeye alimjua aliyemuua.

Damu ilianza kumtoka Kabula mwezi wa sita, pamba imepasuka shamba zima. Ndalahwa akasema, tuvune kwanza. Hospitali ya Mwanza walifika mwezi wa kumi na moja, saratani ya kizazi imeshaenea.

Binti yao Scola, anayesomea mambo ya anga chuoni, alikuja msibani na kompyuta yake. Siku ya tisa mzee alimkuta ameiinamia ukumbini, akakaa kando yake.

"Unafanya nini, mayu?"

"Najaribu darubini, baba. Itakaa huko juu angani, inase mionzi ya gama inayotoka mbali kwenye nyota."

"Iko wapi?"

"Haijajengwa bado."

"Kumbe unapima maziwa ya ng'ombe ambaye hajanunuliwa!"

Scola akacheka, mara ya kwanza tangu maziko. "Ndiyo hivyo. Naichora humu, naitupia mionzi ya kubuni, elfu kwa elfu, nahesabu inayonaswa. Ikiwa michache, nabadili umbo lake, natupa tena."

"Unarudia tangu mwanzo?"

"Mara zote ninazotaka."

Mionzi hiyo mzee aliijua. Daktari wa Mwanza alisema Kabula amechelewa kutibiwa kwayo.

"Basi muweke mama yako humo."

"Baba..."

"Weka akina Kabula elfu moja. Waondoke mwezi ule ule wa sita, pamba ibaki shambani. Halafu hesabu watakaorudi nyumbani."

Scola akafunga kompyuta. "Hilo halihitaji kompyuta. Nilimuuliza daktari."

"Akasemaje?"

"Tuache, baba."

"Nimekuuliza."

"Wengi wangerudi. Kwenye kumi, sita au saba."

Ndalahwa alikuwa ameomba moyoni aambiwe hakuna hata mmoja.

"Usimwambie kaka yako."

"Method ndiye aliyenituma nikaulize."

Mzee alibaki pale hadi Method mwenyewe alipotoka ndani na maji ya kunawa, akainama, akammiminia baba yake mikononi taratibu, kama kila siku. Kisha akamwekea ugali mbele.

Ndalahwa alikula kwa kuwa alipewa. Hakumtazama mwanawe usoni.