Boma la springi za kitanda

Hapa Kangundo injinia wa maboma ya kuku ni mmoja tu, na ndiye huyu anawaandikia.

Leo mama mkwe alikuwa anatuletea kuku wa zawadi.
Mke wangu akaniambia, “Baba Mutua, usiniaibishe!”

Waya ni ghali. Nikachukua springi za kitanda kizee, nikazifunga kwa nguzo za mkonge. Hata chui hapiti!

Mama mkwe akafika, akatikisa ua kwa nguvu.
“Kazi safi, mwanangu.”
Nikavimba kama chapati.
“Sasa kuku wataingilia wapi?”

Kuku tuliwapitisha juu, na saa hii wametulia kabisa.
Mwenye anataka boma aniandikie hapa chini.

Lakini mlango nilisahau.
Na mama mkwe alipouliza, nilikuwa bado ndani ya boma.