Pikipiki Iliyokimbiza Wanaume

Ndiyo, nilikuwa nikipiga resi. Nimelikana jambo hili kwa miaka mingi, katika semina mbili na harusi moja, na mara moja mbele ya padri ambaye wala hakuwa ameniuliza. Watu walipotaka kujua niliwezaje, mimi msichana mgeni mwenye kalamu na fomu za kurasa kumi na moja, kuwafanya wanawake wa vijiji vya upande wa Chamwino wanieleze kilichomo katika vihenge vyao, nilikuwa nikikohoa kidogo na kusema, "Mbinu shirikishi." Wasikilizaji waliandika. Mmoja alipigia mstari.

Ukweli ni kwamba nilikuwa na pikipiki, na kabla ya kuingia kijijini nilikuwa nikisimama nyuma ya kichaka cha mwisho, navuta mafuta mara tatu, nasubiri kidogo, ndipo naingia.

Ilikuwa miaka ile maduka yalipojaa bidhaa ghafla, nasi wasomi tukajaa maoni juu ya bidhaa hizo. Wazazi wetu walikuwa wamepanga foleni ya sabuni. Sisi tulikuwa na sabuni za kila rangi na hatukuwa na kazi. Serikali ilikuwa ikipunguza watumishi, miradi ilikuwa ikiongezeka, na mwenye shahada alitoka huku akaingia kule, mara nyingine bila kubadilisha hata kiti. Mimi niliangukia mradi uliotaka kujua kaya za Dodoma zinakula nini miezi ya kabla ya mavuno. Nilipewa mwezi mmoja wa majaribio. Fomu zangu zikiridhisha, ningepata mkataba wa miaka miwili. Zisiporidhisha, ningerudi kwa kaka yangu kulea watoto wake na kusikiliza maoni ya wifi yangu kuhusu faida za elimu ya juu. Wifi alikuwa na maoni mengi.

Mradi ulitoa fungu la kununulia chombo. Mratibu wetu, mzee mmoja aliyekaa Dar es Salaam na kuijua Dodoma kwa ramani, alitaka pikipiki ya kwenda kote: lami iende, mchanga wa korongo iende, na miiba isiiogope. "Wewe ndiye utakayeipanda," aliniambia. "Chagua. Mwisho wa mwezi nitakupigia simu, tumalize mambo yote mawili, la pikipiki na la mkataba." Kuendesha nilijua. Kaka alinifundisha katika uwanja wa mpira wa shule, akikimbia nyuma yangu huku akiwataja watakatifu mmoja mmoja.

Mtu mwingine angekwenda kuzitazama pikipiki. Mimi nilichora jedwali. Lilikuwa na vigezo tisa, kila kigezo na uzito wake. Rangi sikuiweka, kwa kuwa ni jambo la kitoto. Niliweka "mwonekano barabarani", nikakipa alama ishirini.

Mpya ilikuwa katika duka la barabara kuu, nyekundu, ya kuwashwa kwa kitufe, injini yake ikinguruma kwa adabu kama mtu anayesafisha koo kanisani. Muuzaji alivaa tai.

"Mzee atakuja lini kuiangalia?" aliniuliza.

"Mzee yupi?"

"Mnunuzi."

"Mnunuzi ni mimi."

Alitabasamu kama muuguzi. "Sawa, dada. Akija, mwambie dhamana ni mwaka mzima."

Ya zamani ilikuwa mtaa wa Nkuhungu, chini ya banda la mabati la fundi mmoja aliyekuwa na mikono mieusi hadi viwikoni na ulimi usiopumzika. Iliwahi kuwa na rangi. Iliwashwa kwa kiki, mateke matano ikiwa na moyo mzuri. Petroli yake ilichanganywa na oili ndani ya chupa ya soda, na ikishawaka ilitoa moshi wa buluu na mlio wa peke yake, teng-teng-teng, kama mwanamke anayepiga sufuria tupu kwa hasira.

"Dada, hii hata ukisinzia inakufikisha," fundi alisema. "Hakuna kijiji haijafika. Njia inazijua yenyewe."

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya mtoza kodi ya kichwa. Miaka minane. Yeye mbele, mgambo nyuma, madaftari katikati. Walipoiuza nikaichukua."

Niliandika katika jedwali: *Matunzo mazuri. Mtumiaji mmoja.*

Kwa fungu la mradi, ya zamani ingenunuliwa na kubakiza fedha za tairi na mafuta. Mpya ingelimeza fungu lote, nami ningeongeza akiba yangu yote. Nilijumlisha alama, ya zamani ikashinda. Nikajumlisha tena kwa uangalifu wa kisomi zaidi, mpaka mpya ikashinda kwa nusu alama.

Dukani walikubali kuniazima ile nyekundu wiki moja, maana barua ya mradi ilikuwa na mihuri miwili. Asubuhi ya Jumatatu niliondoka chumbani kwangu Ipagala na suruali ndani ya gauni. Nilipofika kijiji cha kwanza, kabla sijateremsha stendi, wanaume kama kumi na wawili walikuwa wameshaizunguka. Mmoja alikuwa amekwisha kuikalia.

"Bei gani hii?"

"Ya mradi, baba."

"Ahaa. Ya mradi." Neno lile lilipokewa nyuma, likapita kinywa hadi kinywa. Mtu mmoja aliyekuwa akitafuna aliacha kutafuna.

Fomu ilitaka nimhoji Mkuu wa Kaya. Nilimhoji.

"Jana mlikula nini, baba?"

"Hatukula."

"Juzi?"

"Hatukula."

"Mara ya mwisho kula ilikuwa lini?"

Aliitazama pikipiki kwa muda, akiikadiria. "Andika mwezi wa tatu."

Nyuma yake mkewe alikuwa akisonga ugali. Aliinua mwiko, akanitazama, nami nikamtazama. "Na wewe mama, unasemaje?" nilimuuliza.

"Mwenyewe ameshasema," akajibu, akaendelea kusonga.

Ilikuwa hivyo wiki nzima. Nilizituma fomu Dar es Salaam kwa basi, zikarudi kwa basi, na kikaratasi juu yake kwa mwandiko wa mratibu: *Binti, kwa mujibu wa fomu hizi watu uliowahoji walishafariki. Rudia. Una wiki mbili na nusu.*

Nyekundu ilikuwa imerudi dukani kwake. Nilikwenda Nkuhungu, na fundi akaniazima ile nyingine kwa shingo upande, akinisihi nisiisifie mbele za watu maana inadeka.

Bado nilikuwa mbali na kijiji nilipoona watu wanakimbia. Mmoja aliruka ua wa zizi. Mwingine aliacha jembe limesimama ardhini peke yake. Nilidhani ni nyuki. Kwa hiyo nikafunga kofia vizuri, nikaongeza mwendo nipite haraka, na kadiri nilivyoongeza ndivyo walivyozidi kutawanyika.

Nilikuta wanawake wamekaa wakibangua karanga, watulivu kabisa.

"Mbukwenyi," nilisalimu. Hicho ndicho Kigogo changu chote.

Waliitikia, wakacheka. Mmoja wa makamo akanipima kutoka kofia hadi viatu. "Wewe ndiye mpya? Yule mwingine amestaafu?"

"Mimi si mtoza kodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wote husema hivyo."

"Nauliza habari za chakula tu."

"Chakula?" Aliangalia upande wa vichaka, ambako bado majani yalikuwa yakitikisika. "Basi uliza upesi, kabla hawajarudi."

Niliuliza. Walinijibu wote kwa pamoja, wakisahihishana. Walinitajia debe zilizobaki za mtama na za uwele, mboga za porini walizokausha, siku ambazo watoto walikula na wao hawakula. Mmoja alitaja debe tatu alizozificha kwa dada yake ili zisigeuke pombe. Fomu ya kwanza iliyosema kweli katika mkoa ule niliijaza nikiwa nimekaa juu ya kinu. Kisha yule wa makamo akaniingiza ndani ya tembe yake, gizani, akanionyesha vihenge vitatu ukutani.

"Hiki nusu. Hiki kimeisha."

"Na hiki kikubwa? Kina mtama kiasi gani?"

"Hicho hakina mtama."

"Kina nini?"

"Mume."

Kihenge kikapiga chafya. Fomu haikuwa na nafasi ya jibu kama hilo. Niliandika: *Kwa leo hakipimiki.*

Naapa kwamba siku ya kwanza sikujua. Siku ya pili nilijua, nikajisemea kwamba si mimi ninayekimbiza watu, ni historia. Siku ya tatu ndipo niliposimama nyuma ya kichaka na kuvuta mafuta. Nilifanya hivyo siku tisa. Nilikuwa nikirudi Ipagala jioni, uso mwekundu wa vumbi, mkoba umejaa ukweli, nikiimba.

Katika kijiji cha nne kutoka mwisho, mama mmoja alinisindikiza hadi kwenye pikipiki. Alikuwa mtu mzima, mpole, na alinisaidia kufunga mkoba kwa kamba.

"Mwanangu, unarudi lini?"

"Keshokutwa, mama. Kuna kurasa mbili hatujamaliza."

"Basi ungetutumia neno mapema. Mume wangu ana homa. Leo amekimbia nayo hivyohivyo hadi korongoni, akaanguka. Tumemtuma mtu na mkokoteni wa ng'ombe akamrudishe."

Alisema bila hasira, kama anayenijulisha kwamba njia ya mbele ina matope. Niliisukuma pikipiki hadi nje ya kijiji kwa mikono, nikaiwasha mbali. Teng-teng-teng. Ilisikika mkoa mzima.

Kesho yake nilimwuliza fundi kama mlio ule una dawa.

"Upo kwenye ekzosi," alisema. "Nakufungia ya pikipiki nyingine, nusu siku tu, itanong'ona kama ile ya dukani. Lakini dada, ukiinyamazisha, wanaume watakuwepo."

"Najua."

"Na wataongea."

"Najua, fundi."

Alijifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono. "Basi kafikiri kwanza. Ekzosi haiozi."

Nilifikiri siku mbili, fomu zilizokamilika zikiwa zimeshapanda basi la Dar es Salaam. Niliamua kumweleza mratibu mambo yote, kuanzia mwanzo hadi yule mwenye homa, kisha niombe aidha pikipiki nyekundu au ekzosi mpya, na muda zaidi. Niliyaandika kwenye karatasi kwa mpangilio, mwenye homa akiwa wa mwisho kwa kuwa ndiye aliyekuwa mgumu kumtamka.

Ijumaa simu ya ofisi yetu ya Dodoma ililia. Katibu muhtasi aliniashiria kwa kidevu. Ilikuwa na kufuli la kuzuia watu kupiga, lakini kupokea haikukataza mtu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fomu zako za mara ya pili nimezisoma zote. Niulize kitu: wakuu wa kaya wa huko wote ni wanawake? Wanaume wamekwenda wapi?"

"Wanakimbia, mzee."

"Wanakimbia nini?"

"Pikipiki. Ile ya zamani. Ilikuwa ya mtoza kodi, na mlio wake wanaujua. Wakiusikia tu wanaingia porini, nabaki na wake zao. Wake zao wanasema kweli."

Nilisikia karatasi zikifunuliwa upande wa pili.

"Ile nyekundu ilikuletea wale marehemu?"

"Ndiyo, mzee. Lakini fundi anasema anaweza kubadilisha ekzosi, isipige kelele, halafu mimi..."

"Sikiliza, binti. Nunua ya zamani. Mkataba wako nausaini leo, miaka miwili. Na hiyo ekzosi usiiguse. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mzee."

"Kuna lingine?"

Karatasi ilikuwa mkononi mwangu, kidole kimefika mstari wa mwisho.

"Hapana, mzee," nilisema. "Hakuna lingine."