Sare ya Kokwa za Ivoka

Majira yale, katika nyumba ya Spéciose kwenye maghorofa ya Dixon, hapana mtu aliyethubutu kutupa kokwa ya parachichi. Kwao Bujumbura wanaliita ivoka, na nyumbani kwake lililiwa asubuhi kwa mkate, mchana kwa maharagwe, na usiku likapakwa chumvi likaliwa hivihivi. Nyama yake ikishaliwa, ganda lilikwenda kwenye ndoo moja na kokwa kwenye ndoo nyingine. Mumewe, Gervais, alipojisahau siku moja akatupa kokwa kwenye pipa la takataka, alirudishwa kuichomoa kwa mkono wake.

"Nimevuka bahari nzima," alinung'unika akiinama, "nimekuja Kanada kufukua taka."

"Fukua vizuri," Spéciose alimwambia. "Kuna na ganda hapo chini."

Mambo yalianza kwa bahati tu. Majira ya baridi, binti yao Inès aliambiwa shuleni aoteshe mbegu yoyote. Akaloweka kokwa mbili za ivoka kwenye bakuli la maji ya moto, akaliweka juu ya kipasha joto cha dirishani, akalisahau kama watoto wasahauvyo. Bakuli lilipokuja kupinduka, Spéciose alifuta sakafu kwa kitambaa cheupe kilichokuwa karibu. Kilipokauka kilikuwa na rangi ya waridi. Akakifua kwa sabuni, rangi haikutoka. Akakifua tena kwa hasira, na mara ya tatu kwa udadisi. Spéciose alikuwa akifanya kazi chumba cha kufulia cha hoteli moja karibu na uwanja wa ndege, akishika mashuka tangu aingie mpaka atoke. Madoa yasiyotoka aliyafahamu yote na aliyachukia yote. Hili ndilo la kwanza alilolipenda.

Pale hotelini, shuka likichanika kidogo tu halirudi kitandani. Linatupwa, labda mfanyakazi alitake. Spéciose akaanza kuyataka. Alichagua ya pamba tupu, akayachemsha taratibu na kokwa na maganda, akayalaza humo hadi kesho yake. Kabla theluji haijayeyuka, mapazia ya sebuleni yalikuwa ya waridi, foronya za waridi, na Inès akaenda shule na gauni la waridi ambalo mwalimu wake aliuliza limenunuliwa duka gani. Inès husikia Kiswahili chote ila hujibu kwa Kiingereza, lakini siku hiyo alirudi nyumbani akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Nimemwambia Mama amelipika."

Gervais alitazama huku na huku, akasema, "Nikiendelea kulala humu nitaamka siku moja na mimi ni ua."

Basi ndipo likaja suala la kwaya.

Spéciose na Gervais walikuwa waimbaji katika kwaya ya Kiswahili ya parokia moja kule Mount Dennis. Ni kwaya ya Warundi na Wakongo, iongozwayo na Mwalimu Déogratias, mtu mrefu, mkavu, mwenye sikio kali na kauli chache. Jambo moja alilolipenda kama alivyopenda sauti safi lilikuwa sare. Kwaya isiyofanana mavazi, alisema, ni watu wanaosubiri basi. Kwa sikukuu ya Pentekoste alitaka sare mpya, na katika mkutano alipitisha simu yake mkono kwa mkono ili kila mtu aone kitambaa alichokusudia kuagiza: chekundu, kinachometameta, kama karatasi ya peremende.

Spéciose akasimama.

"Mwalimu, kitambaa hicho ni nailoni. Sare ya Pasaka ilikuwa hivyohivyo. Tuliimba Aleluya tukitiririka jasho, na sasa zile nguo ziko wapi? Zimeshafumuka, ziko kwenye taka, na hazitaoza mpaka wajukuu zetu wazeeke. Mimi naweza kutupatia sare ya pamba, yenye rangi, bila kuagiza kitu. Nileteeni kokwa za ivoka. Na maganda."

Ukumbi ukacheka. Mama mmoja akauliza kama basi waimbaji wa sauti ya nne watavaa maganda ya ndizi. Lakini Inès alikuwa pale na gauni lake, na wanawake walikuwa wameshalishika pindo na kuligeuza ndani nje.

Déogratias hakucheka. "Pentekoste haisogei, Mama Inès. Nikikuachia wewe, siagizi kitu. Ikishindikana, tutasimama mbele ya Baba Askofu anayekuja siku hiyo na nguo za nyumbani, na watu watajua ni kwa sababu ya nani."

"Wajue, Mwalimu," alijibu Spéciose. "Hata ikifaulu, wajue."

Kuanzia Jumapili ile, mifuko ya kokwa ikawa inamngojea mlangoni mwa kanisa. Watu waliokuwa wakisalimiana kwa habari za kazi sasa walisalimiana kwa kuulizana wamekula ivoka ngapi. Spéciose alijifunga kibwebwe. Kila jioni aliporudi kutoka kufua mashuka ya wageni alichemsha mashuka yake mwenyewe. Lakini sufuria zake zilikuwa tatu tu, na kubwa kuliko zote ilibeba shuka moja kwa shida. Pentekoste ikawa inakuja mbio, na nusu ya mashuka bado meupe.

Aliyemwokoa, au alidhani amemwokoa, alikuwa Noorbanu.

Noorbanu alikaa ghorofa ya chini yake. Alizaliwa Mwanza, Mhindi wa Ismailia, mjane, mwenye Kiswahili cha kanda ya ziwa ambacho Kanada haikukigusa hata herufi. Walijuana kwenye lifti, siku Noorbanu alipomsikia Spéciose akimgombeza Gervais akamwambia, "Mwongeze, mwanangu, hajasikia." Sasa alipanda juu kufuata harufu.

"Unapika nini siku zote hizi ambacho hamkili?"

Spéciose akamwonyesha. Noorbanu akashika waridi ile kati ya vidole, akaiweka shavuni.

"Na unahangaika na visufuria hivi vya kuchemshia mayai? Njoo kwangu. Nina karai ya kukaangia sambusa za shughuli. Unaweza kumwogeshea mtoto mle."

Ilikuwa karai ya chuma, nyeusi, nzito, ambayo ilihitaji Gervais na jirani mmoja kuipandisha. Iliwekwa juu ya majiko mawili kwa pamoja. Spéciose alitia mashuka yote yaliyobaki, kokwa, maganda, maji, akachemsha polepole, akazima, akaenda kulala akiwa mtu aliyemaliza kazi.

Asubuhi alitia mkono majini, akavuta shuka la kwanza. Halikuwa la waridi. Lilikuwa la zambarau, zambarau nzito yenye ukijivu, kama mawingu ya mvua ya mawe. Akavuta la pili, la tatu. Yote vilevile. Akayasuuza, akayasuuza tena, rangi ikabaki imekaa.

Noorbanu alipoitwa, alisimama mbele ya karai yake akajipiga paji la uso.

"Yallah! Wewe, kwenu hamli ndizi mbichi?"

"Tunakula kila siku."

"Unazichemsha kwenye chuma?"

Spéciose akaitazama karai. Mama yake mzazi angemchapa mwiko. Mtoto wa Kirundi hujua kabla hajajua kusoma kwamba ndizi mbichi hazitiwi kwenye chuma, kwani zinageuka nyeusi. Utomvu na chuma havipatani. Na kokwa ya ivoka ikikatwa kwa kisu cha chuma, si inaacha weusi uleule? Alilijua hilo maisha yake yote. Ila alilijua kama mpishi, na usiku ule alidhani anafua.

"Mimi na wewe," Noorbanu alisema, "wanawake wawili wa jikoni, umri wetu ukijumlishwa unafika enzi za Mjerumani, tumeshindwa na ndizi." Akaanza kucheka, na kicheko chake kilikuwa cha kuambukiza. Spéciose alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akaacha kucheka, maana lilimjia tena: nusu waridi, nusu zambarau, na mwalimu wa kwaya anayetaka watu wafanane kama njugu katika ganda.

Hakuficha. Mchana uleule alimpigia simu, na jioni Déogratias akaja, akavua viatu mlangoni, akatazama mashuka yaliyotundikwa barazani na sebuleni.

"Nilisema," alisema.

"Ulisema, Mwalimu."

"Hii zambarau inaweza kurudi waridi?"

"Hairudi."

"Na waridi inaweza kuwa zambarau?"

"Hiyo inaweza. Nikiitia kwenye karai, usiku mmoja tu."

"Basi itie yote. Sare itakuwa moja, na mimi na wewe hatujagombana."

Ilikuwa njia rahisi, na Spéciose aliiona urahisi wake. Angekubali, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alitazama ile waridi iliyokuwa ikipepea barazani, ndege ikipita juu yake, akaona ni kama kuambiwa azime taa ili chumba kifanane na usiku.

"Mwalimu, zambarau ni rangi ya Kwaresima. Tutamwingiza Roho Mtakatifu tumevaa mfungo?"

Déogratias akakunja uso. Hilo hakuwa amelifikiria. Akasimama. "Sijui, Mama Inès. Kesho kuna mazoezi. Kesho nitawaambia watu jambo moja: ama wana sare, ama hawana. Usiniletee la tatu."

Alipoondoka, Gervais aliuliza kama hatakula kwanza. Spéciose alitoka barazani kuanua. Mashuka ya zambarau yalikuwa bado yanatona, akajifunga kiunoni moja lililokuwa limekauka, asilowe. Ya waridi yalikuwa yamekauka. Alilitwaa moja na, kwa kuwa mikono ilimjaa, akalitupia begani, akalikaza kwa fundo ili lisianguke. Ndivyo wafanyavyo wanawake wa kwao wakiwa na kazi, bila kufikiri. Akageuka aingie ndani, na kioo cha mlango kikamrudishia mtu.

Kilimrudishia shangazi zake wote waliowahi kwenda harusini. Imvutano: vazi la Kirundi, nguo moja kiunoni, nyingine imefungwa begani, ikishuka mwilini. Waridi ilining'inia juu ya zambarau kama mwanga juu ya mlima. Zambarau ile ile iliyokuwa imenuna peke yake, sasa ilikuwa imetulia kama ardhi chini ya kitu kinachoota.

"Gervais!" aliita. "Leta mkasi. Na usiniletee maneno."

Gervais alikuja, akamtazama, mkasi mkononi. Mara hii hakuwa na mzaha. "Hiyo," alisema. "Hiyo hata mimi navaa."

Walikata na kupinda hadi vidole vikafa ganzi, na Noorbanu akapanda na cherehani yake chini ya kwapa, akisema karai imekosa, cherehani italipa. Kila mwimbaji akapata kipande cha zambarau na kipande cha waridi. Wanaume wangevaa shati jeupe, waridi begani, zambarau kama mshipi.

Kesho yake, ukumbini chini ya kanisa, Spéciose hakutoa hotuba. Aliwafunga mmoja mmoja. Wanawake wa Kirundi walijifunga wenyewe, wakawafunga Wakongo, wakiwacheka kwa mafundo yao. Walipokwisha, aliwapanga mistari, yeye mwenyewe akasimama na sauti ya pili, akamgeukia kiongozi.

"Mwalimu, sare ni kila mtu kuvaa kama mwenzake. Tafuta asiye na waridi. Tafuta asiye na zambarau."

Déogratias alipita mbele ya mstari wa kwanza, mikono nyuma, kama afisa wa jeshi. Akapita wa pili. Akasimama.

"Hii waridi imepauka kuliko ile."

"Ndiyo, Mwalimu. Ivoka hazifanani."

"Za nani hizi?"

"Sijui. Zilichemka pamoja. Huenda ni za kwako."

"Mimi sikuleta hata moja."

Kutoka sauti ya kwanza ikasikika sauti ya mkewe, Prudence, nyembamba na wazi, akimwita kwa jina la mtoto wao: "Papa Elysée, kachumbari ya ivoka uliyoisifu wiki nzima ulidhani kokwa zake zimekwenda wapi?"

Ukumbi ukalipuka. Mtu akauliza cha kwake ni kipi. Mwingine akadai begani kwa jirani yake pana ivoka zake, alizitambua kwa ulafi wa rangi. Wakawa wanavutana mapindo, wakisogezeana chini ya taa, kila mmoja akitafuta meza yake mwenyewe katika nguo ya mwenzake. Déogratias aliwaacha. Alikuwa ameinua ncha ya shuka la Gervais, akaisugua kati ya vidole, akaiachia, akaitazama ikianguka.

"Jasho linapenya?" aliuliza.

"Linapenya, Mwalimu."

Alirudi mahali pake mbele ya kwaya. Alimngoja mtu wa mwisho anyamaze. Kisha akamnyooshea Gervais kidole: "Wewe wa sauti ya nne, fundo lako limelegea. Likaze. Jumapili sitaki kuona bega la mtu." Akainua mikono yote miwili.

Spéciose akavuta pumzi. Nguo ilikuwa nyepesi mwilini mwake, na bado ilinuka moshi kidogo, na jikoni. Mikono ya Mwalimu ikashuka, na akaingia kwenye wimbo na wenzake, kwa sauti ambayo hakuipunguza.