Pango Ambalo Mama Hawa Hakulipwa

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya kodi, Arua, mwaka 1972, karani mkuu alinipa daftari na onyo. "Hii kazi hapana na rafiki. Ukikula chakula ya mutu, kesho utaogopa kuandika jina yake." Nikamtii. Nilikula peke yangu.

Nilipewa wenye nyumba za kupangisha. Hatukutoza kodi juu ya pango lote. Kwanza tulitoa gharama: bati lililobadilishwa, chokaa, ujira wa fundi. Kujenga chumba kipya hakukuhesabiwa, maana hiyo ni mali iliyoongezeka. Wengi hawakuyajua haya, na hawakuuliza. Wakiiona baiskeli yangu walifunga milango.

Mama Hawa, mjane aliyekaa karibu na soko, hakufunga. Vyumba vyake vitatu vilikaliwa na sajini mmoja wa jeshi, lililotawala nchi wakati ule, na jamaa zake.

"Pango mimi hapana ona, mwaka mbili sasa," alisema. "Nyinyi nataka kodi ya nini?"

Pango lisilolipwa tuliweza kulifuta, ushahidi ukipatikana. Nikamwendea sajini na karatasi ya kuthibitisha kwamba hakulipa. Alinisikiliza, akacheka, akachukua kalamu yangu.

"Mimi hapana lipa. Kwani iko siri?" Akatia sahihi.

Ofisa wa makadirio, mkubwa wetu, alipoisoma karatasi ile alifunga dirisha. "Umeniletea askari ndani ya faili," alinong'ona. "Andika kwamba mama alilipwa."

"Siwezi, bwana. Hakulipwa."

Akagonga muhuri. Mama Hawa akasalimika. Wiki iliyofuata nikapata barua ya uhamisho: Koboko, mji mdogo karibu na mpaka.

Huko nilipanga chumba kwa mzee mmoja aliyekataa pesa zangu, akidhani namtega ili nimtoze kodi. Nikiziacha mlangoni kwake, alizirudisha chini ya mlango wangu bila salamu. Miaka ikapita hivyo.

Mwaka 1979, vita vilipokaribia, niliamka asubuhi nikakuta ua mtupu. Wote walikuwa wameondoka, na hakuna aliyenigongea. Nikatembea kuelekea mpakani nyuma ya watu nisiowajua, mpaka mwanamke mmoja akageuka.

"Wewe iko na nani?"

"Peke yangu."

Akanipa sufuria yake nimbebee. Tukaenda.

Sasa nimestaafu. Ninyi vijana mlioingia kazi hii, mwambieni mwenye nyumba haki yake kabla hajauliza, na akiwakaribisha chai, kaeni mnywe. Koboko nzima waliniita Kodi. Sidhani kama kuna mmoja aliyejua jina langu.